Shamba la Wageni

Sisi huzikwa nyumbani, ubavuni mwa nyumba, karibu na migomba. Kwa hiyo makaburi ya mji wa Kisii, yale ya chini ya mikaratusi, hayakuwa na mtu wetu. Yalianza, nilivyosikia, na askari wa mbali aliyekufa kabla sijazaliwa, wakafuata vibarua wa barabara, kisha kila aliyekosa wa kumchukua. Tuliyaita shamba la wageni. Nilipomaliza sekondari nikashindwa kutulia mahali, mama alinitania: tembea tu, watakulaza kwa wageni.

Aliyelazwa huko ni kaka yangu.

Alikuwa akichuma chai Kericho. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alipanda basi akija nyumbani Manga, homa ikamzidi akiwa mjini, akafia hospitalini. Tulipata habari miezi miwili baadaye, kwa mwenzake aliyetuletea blanketi lake, akashangaa kwamba hatukuwa tumemzika. Baba alikijua Kiswahili cha sokoni tu, akanichukua twende mjini nikamsemee. Blanketi alilibeba, la kumfungia mwanawe tukimrudisha nyumbani.

Mlinzi wa makaburi, mzee wa kuja kama waliolala pale, alitupeleka kwenye matuta manne yaliyofanana. Vibao vilikuwa vimeliwa na mchwa. Alisema kaka yumo katika mojawapo, ila hakumbuki lipi. Nikamuuliza kwa nini hawakutuma mtu Manga, mwendo wa asubuhi moja.

“Aliulizwa anakaa wapi,” akasema. “Akajibu Kericho. Habari ikapelekwa Kericho.”

Nilimfasiria baba. Akasema kwa lugha yetu, “Hawakumuuliza kwao ni wapi.”

Mtu wetu hukaa popote penye kazi, lakini kwao ni mahali pamoja tu. Kaka alijibu sawasawa alichoulizwa.

Baba alikataa kufukua wafu wa watu kwa kubahatisha. Tulipanda mlima kwa miguu kurudi Manga, blanketi likiwa bado begani mwake. Kesho yake aling'oa migomba mitatu kando ya nyumba, akapaacha patupu. Hadi leo mama hupapalilia, ingawa hapajapandwa kitu.

Mimi nimekaa Nakuru, Mombasa, Kampala, na kwingine nisikokumbuka vizuri. Kila nyumba ya wageni, karani huniuliza ninakaa wapi. Ninajibu: kwetu ni Manga.

“Sikukuuliza kwenu, bwana,” mmoja aliniambia akicheka.

Nikamwambia aandike tu.