Sehemu ya Pili Ilivyovuka Mpaka

Miaka ile ya utawala wa jeshi, televisheni ya upande wetu wa Busia ilikuwa na stelingi mmoja tu. Alihutubia asubuhi, akahutubia jioni, na medali zake zilikuwa nzito hata seti yenyewe ikaanza kuinamia kushoto. Kwa hiyo kila Jumapili, tukishakula cha mchana, tulivuka kwenda upande wa Kenya kwa mama mmoja mwenye hoteli na televisheni ya betri ya gari, kutazama mchezo wa majasusi. Ukinunua chai, unapewa benchi. Ukinunua chai na mandazi, unapewa benchi lenye mgongo.

Kurudi ndiko kulikokuwa na mtihani. Sukari, chumvi na sabuni zilikuwa zimeihama nchi yetu bila kuaga, nasi tulikuwa tukizirudisha nyumbani kidogo kidogo, chini ya mfuko. Serikali iliita magendo, na waliopewa adhabu yake hakuna aliyerudi kutusimulia ilikuwaje.

Jumapili ya kwanza, askari wa kizuizi cha mpakani, mrefu kama mlingoti, aliyeletwa kutoka kambi ya Tororo, aliushika mfuko wangu.

"Nyinyi natoka wapi?"

"Kutazama majasusi, afande."

Neno lilikwisha kutoka, halirudi. Nikaanza kuhesabiwa na wafu. Lakini yeye akauachia mfuko.

"Majasusi nafanya nini?"

Nikamsimulia. Stelingi alivyoruka kutoka paa hadi paa, alivyonusa sumu kwenye chai, alivyovunja mlango kwa bega. Askari akasikiliza, bunduki kaiegemeza ukutani, na nyuma yake wakapita watu, baiskeli, na nakuapia, ng'ombe wa mahari nzima. Tangu siku hiyo ushuru wetu ukawa hadithi. Nami niliyemaliza shule ya usiku nikiwa na cheti kimoja na maneno elfu, nikawa msimulizi. Akanibatiza Profesa.

Basi ikaanza sehemu ya pili. Stelingi amepandishwa cheo. Amepewa ofisi, miwani na katibu wa kupiga taipu. Jumapili baada ya Jumapili, anasoma mafaili. Hoteli ikagawanyika.

"Huyu si jasusi, ni karani!" alilalama rafiki yangu fundi cherehani, mtu asiyeweza kusema uongo hata kwa mteja mnene. "Sehemu ya kwanza alivunja milango. Sasa anabisha hodi, anangoja kukaribishwa!"

"Fundi, wewe unataka sarakasi," akajibu mama muuza dagaa, jirani yetu. "Sehemu ya pili ndiyo ya kweli. Wa kwetu umewahi kuwaona wakiruka paa? Wanakaa kwenye gari na miwani yao myeusi, wanangoja utoke mwenyewe."

Benchi zima likatazama mlango.

"Nasema wa kwenye mchezo," mama akaongeza kwa sauti kubwa, akiuambia mlango.

Moyoni nilikuwa upande wa fundi, lakini shida yangu haikuwa sanaa. Shida yangu ilikuwa mfuko. Siku askari atakapochoka na hadithi ndiyo siku atakayokumbuka sabuni. Kwa hiyo nikaacha kumsimulia tulichokiona. Nikampa stelingi helikopta. Jumapili iliyofuata nikampa mamba, akamshinda kwa kumtazama tu. Fundi, pembeni yangu, alikohoa kwa kila uongo, hata askari akamshauri anywe tangawizi.

"Sehemu ya pili iko mzuri sana," askari akatangaza. "Nashinda ya kwanza mbali."

Kisha akapata ruhusa. Jumapili moja tukamkuta hotelini, benchi la mbele, kavaa shati la maua na buti zake za jeshi. Kwenye kioo, stelingi alichonga penseli. Akaitazama. Akachonga nyingine. Akaandika barua ya kuomba likizo, akaipiga muhuri, mchezo ukaisha.

Askari akasimama, akanigeukia polepole kama mzinga wa kifaru.

"Profesa. Helikopta iko wapi?"

Nikausogeza mfuko nyuma ya miguu yangu.

"Na mamba?"

Kabla sijapata hata la kutubia, akajipiga paja. "Najua! Watu ya hapa nakata! Naficha ile mzuri!" Akamgeukia fundi. "Wewe, fundi. Wewe najua kazi ya mkasi. Sema kweli: hii imekatwa ama hapana?"

Fundi alikuwa amengoja wiki nyingi aulizwe rasmi maoni yake kuhusu sehemu ya pili. Alikuwa nayo tayari, yamepigwa pasi. Akanitazama mimi. Akautazama mfuko wangu. Akameza mate kama anayemeza pini, akaenda mpaka kwenye televisheni, akainama, akapitisha kidole ukingoni mwa kioo kama anayekagua pindo la suruali.

"Imekatwa, afande," akasema. "Na aliyekata mkono wake mbaya."

"Si nilisema!" Askari akaligeuza benchi lake kunielekea, akakaa. "Haya, Profesa. Leta ile walikata."

Mama muuza dagaa, mtetezi mkuu wa mafaili, ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuza lake. Wakafuata wengine wote, hata Wakenya waliokuwa hawanijui kabisa, mpaka televisheni ikabaki inaangalia migongo.

Nikafuta jasho. Ile penseli, nikawaambia, haikuwa penseli.