Karani wa Mizani na Kurasa Arobaini

Marehemu alikuwa karani wa mizani pale stesheni, na kupima magunia miaka thelathini kulimfundisha kutomwamini mtu wala gunia. Mtaa ukambandika jina: Mzee Hakika. Jioni aliandika historia ya mtaa wao, kwa mtindo uliokera watu. Anakuuliza jambo Jumanne, Ijumaa huyo tena, analiuliza lilelile. Ukipishana kidogo na ulivyosema mwanzo, anaandika. Ukirudia neno kwa neno, anafuta.

"Kweli haitoki mdomoni mara mbili na nguo zilezile," alimwambia mkewe. "Ikitoka hivyo, imekaririwa."

Akafa. Madaftari kumi na moja yakawa chakula cha mchwa. Likabaki moja tu, aliloliazima jirani yao, fundi saa. Naye akalirudisha likiwa karatasi themanini zilizopigwa taipu.

"Daftari lenyewe liko wapi, shemeji?" mjane akauliza.

"Lile? Mwandiko kama kuku kaparua! Hata sikujaribu kulisoma. Nilimpa mpiga taipu, akamaliza akalitupa. Wewe mjane wake tia sahihi tu, maktaba ya mji wachapishe; wanatafuta historia za mitaa."

Mjane akasoma. Kurasa arobaini za mwanzo alimsikia mumewe kabisa, na kikohozi chake. Kuanzia ya arobaini na moja akaingia babu wa fundi saa: kafungua duka la kwanza, kachimba mtaro, kazuia mafuriko. Ilibaki kuumba mwezi tu.

Akikataa, kazi yote ya mumewe imeliwa na mchwa. Akikubali, jina la mumewe linabeba uongo.

Jumanne akamkaribisha fundi chai. "Shemeji, hivi babu aliyazuiaje yale mafuriko?"

"Magunia mia mbili ya mchanga, siku tatu, bila kulala!"

Ijumaa akamkaribisha tena, akamuuliza tena.

"Magunia mia mbili ya mchanga, siku tatu, bila kulala!" Hata mkono aliuinua palepale.

Mjane akachukua kalamu, akachora mstari ukurasa kwa ukurasa, wa arobaini na moja mpaka wa themanini.

"Shemeji! Kitabu gani hicho, chembamba kama biskuti?"

"Kinene andika chako, shemeji. Hiki cha mume wangu."

Akatia sahihi, akakipeleka maktaba mwenyewe. Kikachapishwa, na ndicho pekee alichoacha Mzee Hakika duniani. Fundi saa alinuna, hakukigusa mwezi mzima. Kwa hiyo mtaani yeye ndiye wa mwisho kusoma ukurasa wa thelathini na nane, unaoeleza babu yake alivyokuwa akichanganya sukari na mchanga.