Kompyuta Nne za Nyumbani Kwetu

Sisi tuliokulia Sumbawanga kabla simu hazijaanza kulala kitandani na wenye nazo, tulikuwa na mitandao yetu ya kompyuta. Msicheke kwanza. Leo mwanangu akikosa intaneti dakika tano anatoka chumbani na uso wa mfiwa, anauliza nini kimetokea, namwambia hakuna kilichotokea, kaa hapa utazame dirishani. Anatazama dirisha kama mtu aliyepewa adhabu. Hajui kwamba mama yake alikuwa na mtandao wa nyumbani tangu kidato cha kwanza, mtandao uliosifiwa mji mzima, na haukuwa umeunganisha chochote.

Ugonjwa huo tuliupatia parokiani, kwenye darasa la kompyuta la wakati wa likizo. Wiki tatu tulifundishwa kuwasha, kuzima na kuandika majina yetu kwa herufi kubwa. Siku ya mwisho mwalimu akachora ubaoni jinsi kompyuta za nyumba moja zinavyoungwa kwa nyaya zikapeana mafaili. Wengine walinakili wakaenda kula. Watatu tukashikwa na wazimu: mimi Odilia, rafiki yangu Kalista niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu, na Masanja, mtoto wa wafugaji waliohamia Rukwa na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, aliyekuwa akiishi mjini kwa baba yake mdogo ili asome. Baadaye tukafika saba, tukajiita chama. Katiba hatukuwa nayo, ila wivu ulitutosha.

Kila Jumapili baada ya misa ya pili tulikutana nyuma ya kanisa, upande ambao ukuta unakinga upepo. Mliokulia huko mnaujua ule upepo wa mwezi wa saba, unaingia kwenye sweta kama umelipiwa nauli. Kila mmoja alikuja na daftari la hesabu lenye viboksi, na ndani yake mchoro wa mtandao wa nyumbani kwao. Kompyuta ilikuwa mraba, swichi, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya, ilikuwa mraba mrefu, waya ulichorwa kwa kalamu nyekundu. Tulibadilishana madaftari, tukanakiliana, tukakosoana kwa sauti za wahandisi wa serikali. Mtu aliambiwa kebo yake inapita karibu na figa itayeyuka, naye akanuna mpaka Jumatano. Zile nyaya nane ndogo za ndani ya kebo tulizikariri kama sala ya asubuhi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kuzipanga kila mtu alijua. Kuzibana kwenye kichwa cha kebo aliweza Kalista peke yake, kwa sababu mjomba wake alikuwa fundi, na koleo la kubania alimwazima.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kompyuta moja, aliyoiacha kaka yangu alipokwenda Mbeya chuoni. Nilikuwa na kebo pia. Ilitoka kwenye kompyuta, ikapita dirishani, ikapanda paani, ikazunguka nyumba, ikaingia kwa mlango wa nyuma na kuishia hewani. Jirani alipoiona paani aliuliza kama tunaita radi, na Sumbawanga, ambako watu husema radi hutumwa, swali hilo haliulizwi kwa mzaha. Mama yeye aliuona ule upande uliolegea uani, akaanika mashuka.

Masanja ndiye aliyekuwa katibu, na alikuwa na sheria moja: huchori kisichokuwepo. Alisema kwao mtu hatangazi ng'ombe kumi wakati zizini wamelala watatu, maana watu watakwenda kutazama. Sheria nzuri. Mimi Jumapili moja nikaja na mchoro wa kompyuta nne. Ya sebuleni, ya chumbani kwa wazazi, ya jikoni, na moja stoo, palipokaa mahindi na ulezi. Hiyo ya jikoni niliiwekea hata feni, kwa ajili ya moshi. Sijui nilipatwa na nini. Nadhani nilichoka kuwa na mraba mmoja.

Njiani kwenda misa nilikuwa nimemweleza Kalista ukweli, nikamwomba aseme ameuona. Akaniuliza mara moja tu kama nina hakika nataka hivyo. Sasa jueni Kalista alikuwa mtu wa namna gani. Darasani zikipigwa kelele, mwalimu hakuuliza darasa, alimuuliza Kalista, na alilosema ndilo lililokuwa. Basi daftari langu lilipopita mkono kwa mkono, na macho yakawatoka wenzangu, Masanja akauliza nani ameuona mtandao huu.

"Mimi," Kalista akasema. "Nimeuona kwa macho yangu."

Ubishi ukaishia hapo. Kosa likawa kwamba waliamini kupita kiasi. Masanja akaamua Jumamosi chama kizima kije kwetu kujifunza.

Siku sita, jamani. Kompyuta tatu nizitoe wapi? Mungu si Athumani, nikaona vitambaa vya mama. Mnavikumbuka vitambaa vya kufuma, vile vyeupe vyenye maua pembeni. Kila chombo cha maana kilivaa: redio, televisheni, birika la wageni, hata kochi. Na mgeni aliyelelewa na watu hafunui kitambaa nyumbani kwa watu. Atakaa nacho ana kwa ana kwa muda wa saa nne, atakisifu, atakizunguka kwa mgongo, hatakigusa. Juu ya adabu hiyo ndipo nilipojenga mtandao wangu. Chumbani nikaweka boksi la sabuni, jikoni redio mbovu, stoo nikachukua debe la ulezi. Vyote nikavivisha, na kila kimoja nikakichomeka kebo kwa chini. Ukisimama mlangoni, haki ya Mungu, ungesema ni ofisi ya mkoa.

Jumamosi wakaja sita, wamepaka mafuta mpaka magotini. Wakamwamkia mama, akawapa uji wa ulezi na viazi vya kuchemsha. Masanja akafungua daftari, akapima kebo kwa hatua, akatia alama ya vyema. Sebuleni vyema. Chumbani akachungulia kutoka mlangoni, vyema. Jikoni akauliza kuhusu feni, nikamwambia imepelekwa kwa fundi. Kalista alikuwa nyuma yao akishikilia kikombe cha uji, hanywi.

Stoo ndipo Masanja alipochuchumaa mbele ya debe. Kitambaa hakukigusa. Nilikuwa nimefikiri adabu itanilinda, nikasahau kwamba mwenye adabu kamili huomba ruhusa.

"Mama," akaita, "samahani, naomba nifunue hiki nione."

Nyumbani mama alisema Kifipa, lakini kwa sababu Masanja hakukijua, alijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, kila neno mahali pake, wote wakasikia.

"Funua tu, baba. Ulezi huo, hauna siri."

Akafunua. Kebo ilikuwa imesimama katikati ya ulezi. Masanja akaivuta polepole, ikaendelea kutoka, mpaka kikaja kichwa chake kilichobanwa vizuri sana, kazi ya Kalista. Hakuna aliyecheka. Ningeomba wacheke.

Masanja akafikiri kama mzee wa baraza. Akasema Odilia ameota, na mtu kuota anaweza kusamehewa, tena mchoro wenyewe ni mzuri. Ila yuko aliyesema ameuona. Wote wakageuka kumtazama Kalista. Kalista akanitazama mimi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema maneno mawili: mimi nilimwomba. Ulimi ninao, wanaonijua wanajua. Nikaanza kuokota punje za ulezi zilizomwagika, moja moja, kama kuku. Kalista akasubiri. Halafu akaweka kikombe chini, akamuaga mama vizuri, akaondoka. Mama akauliza mbona mwenzako hajamaliza uji, nikasema ana haraka.

Wakamfuta chamani. Mimi nikabaki, na mchoro wangu ukanakiliwa na wote. Jumatatu nilikuta Kalista ameomba kuhamishwa dawati. Jumapili akahamia misa ya kwanza. Chama nacho kikaendelea, mabingwa sita bila koleo, tukichora swichi juu ya swichi mpaka madaftari yakaisha.

Siku hizi mtandao ninao kweli. Nina ruta, nina swichi, nina kikabati ukutani chenye taa za kijani, na kamera inayolinda kuku wawili. Nimo pia kwenye kundi la simu la wapenzi wa mambo haya. Vijana wanarusha picha, wanaitana mshikaji, wanaambiana setapu kali. Kuna mmoja ana kabati refu kama la nguo, linawaka mbele na nyuma, nalo linahudumia simu mbili na televisheni. Wote wakamjazia alama za moto. Hakuna anayekwenda kwa mwenzake kupima kebo kwa hatua, hakuna anayepewa uji. Nami sisemi kitu, kwa historia yangu nitaanzia wapi?

Mwezi uliopita Kalista alikuja mjini kwa shughuli za shule. Anafundisha kijijini Mwazye. Nilimpigia, nikamkaribisha, akaja na maharage kwenye mfuko. Nikamtembeza nyumba nzima, nikamfungulia kila kitu, nikamwonyesha mpaka kuku kwenye skrini. Akasifu kama mtu anavyosifu mtoto wa mgeni. Tulipokaa kunywa chai nikashindwa kujizuia.

"Kalista, siku ile stoo, mimi ndiye nilipaswa kusema."

Alikoroga chai yake kwanza.

"Ndiyo," akasema. "Nilikungoja mpaka tulipomaliza kidato cha nne. Hata ungekuja siku ya mwisho, ingetosha."

Akaomba sukari, nikampa. Tukaongea mambo ya watoto na mbolea mpaka muda wa gari lake. Sasa tunaandikiana. Ujumbe wangu unafika Mwazye kabla sijaweka simu chini, namuuliza habari za mvua, ananijibu mvua ipo. Vijana wetu mtandao ukikata wana wa kumlaumu. Enzi zile mimi sikuwa na cha kusingizia. Kutoka kwetu hadi kwa kina Kalista palikuwa mwendo wa dakika kumi, na miguu nilikuwa nayo.