Kiti Kilichokwenda Mombasa

Mfumo mpya wa elimu ulipoletwa, shule yetu ya msingi pale Voi iliambiwa ijenge karakana. Masomo yalikuwa yameongezeka: muziki, kilimo, sayansi kimu, ufundi. Sisi tuliodhani tungemaliza na darasa la saba, kama waliotutangulia, tukaambiwa kuna la nane. Wazazi walichanga mawe na mchanga na Jumamosi zao, sisi tukabeba maji kwa madebe, hadi kikasimama chumba kirefu chenye mabati juu na madirisha yasiyo na vioo. Ndani ziliwekwa meza nzito za kufanyia kazi, na ukutani vikatundikwa vifaa: misumeno, patasi, randa, nyundo.

Sayansi kimu ilipewa chumba kingine, upande wa pili wa uwanja. Hakuna aliyetangaza kwamba wasichana waende kule na wavulana waje huku. Siku ya kwanza kengele ilipolia, watu waligawanyika wenyewe, kama wanavyogawanyika kwenda chooni. Mimi, msichana, nikawafuata wavulana.

Haikuwa kiburi. Baba yangu alikuwa seremala wa reli. Kazi yake ilikuwa kutengeneza viti na milango ya mabehewa yaliyofika stesheni yakiwa yameharibika, na jioni, nyuma ya nyumba yetu ya reli, alikuwa na benchi lake mwenyewe la kutengenezea vitanda na makabati ya majirani. Ndugu zangu wa kiume walikuwa bado wadogo, kwa hiyo tangu zamani mimi ndiye niliyemshikia mbao. Nilijifunza kupiga randa kabla sijajifunza kusonga ugali vizuri, jambo ambalo mama alilalamikia lakini halikumsumbua sana. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiridhika na kazi yako, alikupa nyingine iliyo ngumu zaidi.

Mwalimu wa ufundi alikuwa kijana mpole aliyetoka Taveta. Aliponiona nimesimama mlangoni aliniuliza kama nimepotea. Nikasema hapana. Akaniangalia kidogo, akanipa randa na kipande cha mbao ya saiprasi, akaniambia nikisawazishe. Nilipomaliza alipitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Nani alikufundisha?"

"Baba."

"Basi njoo. Chukua meza ile ya dirishani."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Wavulana walicheka wiki mbili tatu, kisha wakazoea, kwa sababu waliokwama walikuja kuniuliza. Mwalimu alinipenda, au niliamini hivyo. Aliniachia ufunguo wa karakana wakati wa chakula cha mchana. Wengine wakitengeneza vibao vya kukatia mboga, aliniambia nifikirie kitu kikubwa, na nikasema nitatengeneza kiti chenye mgongo.

Kiti si kazi ndogo. Miguu ya nyuma lazima ielemee nje kidogo, la sivyo mtu akiegemea ataanguka. Sikutaka kutumia misumari. Nilitaka kila kipande kiwe na ulimi wake unaoingia kwenye tundu lake na kushikwa na gundi, kama baba alivyofanya viti vya mabehewa. Shuleni nilichonga, jioni nilibeba vipande nyumbani, na baba akaviweka kwenye benchi lake akavichunguza chini ya taa ya karabai. Pale nilipokosea alinionyesha. Tundu moja nililitoboa likapwaya, naye akanifundisha kulijaza kwa kabari nyembamba ya mvule ambayo huwezi kuiona ukishapaka vanishi. Muhula ule wote, baba na mimi tulikuwa karibu kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka. Mama alituita chakula mara mbili, tatu, na baba akajibu, "Tunakuja," bila kuinua kichwa.

Sehemu ya kukalia niliisuka kwa kamba ya mkonge. Kamba yenyewe ilisokotwa na nyanya yangu, mama yake baba, aliyeishi kwenye shamba letu kule Chawia. Nilipopanda mlimani wikendi moja kumwomba, aliisokota juu ya paja lake akiniuliza maswali kuhusu kiti, kina urefu gani, mtu mnene atakiweza. Alinifungia kamba kwenye kitenge kama anayefunga mtoto.

Nilimaliza kiti siku chache kabla ya mkaguzi wa shule kuja. Tulikuwa tumeambiwa kwamba atatazama masomo mapya, na kwamba kazi nzuri itachaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya kilimo Mombasa. Nilikipaka vanishi mara ya mwisho, nikakiacha kikauke karibu na dirisha langu.

Asubuhi ya ukaguzi mwalimu wa ufundi alinikuta kwenye gwaride. Aliniambia leo nikae na wasichana upande wa sayansi kimu, wageni wakiondoka nitarudi. Alisema kwa upole uleule wa siku zote, nami nikadhani ni mambo ya nidhamu, kwamba mwalimu mkuu anataka madarasa yaonekane yamepangwa. Nilivaa aproni. Tulichemsha chai ya maziwa na kukaanga mandazi kwa ajili ya wageni.

Saa nne mwalimu wa sayansi kimu alinipa sinia nilipeleke karakana.

Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Alikuwa mwanamume mwenye mwili mkubwa, na alikuwa akiegemea nyuma kwa nguvu, makusudi, akikijaribu. Hakikulia. Aliinuka, akakipindua, akatazama viungo vyake chini, kisha akauliza kimetengenezwa na nani.

Mwalimu wangu aliweka mkono kwenye bega la mvulana mmoja wa darasa letu, aliyekuwa akifanya kazi meza ya pili kutoka kwangu.

"Ni huyu," alisema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia mikononi. Mvulana alitazama miguu yake. Mwalimu mkuu alitabasamu. Mwalimu wangu akageuka, akaniona, na kwa muda mfupi sana nilifikiri atasahihisha.

"Weka hapo mezani, msichana," akasema.

Alijua jina langu. Alikuwa akiliita kila siku ya ufundi tangu muhula uanze. Niliweka sinia mezani, nikamimina chai, nikampa mkaguzi kikombe kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, naye akanishukuru. Nilipokuwa nikitoka nilimsikia akisema kiti hiki lazima kiende Mombasa.

Sikulia. Nilikaa nyuma ya karakana hadi magari ya wageni yalipoondoka, kisha nikaingia. Mwalimu alikuwa peke yake akirudisha patasi ukutani. Nilimwuliza kwa nini. Alisema mwalimu mkuu aliogopa mkaguzi atauliza maswali, kwamba shule nyingine zote zimepanga wavulana huku na wasichana kule, kwamba mimi mwenyewe ningeondolewa karakana mbele ya watu.

"Lakini sikufanya bila kuuliza," alisema. "Nilikwenda kwa baba yako. Alikubali."

Nilimwambia ni mwongo. Ni neno ambalo mtoto wa wakati ule hakumwambia mwalimu, na nilitazamia kofi. Hakunipiga. Aliendelea kutundika vifaa, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa akisema kweli.

Baba alirudi kutoka kazini jioni, akanawa mikono kwenye karai nje ya mlango, kama kawaida. Nilimngojea amalize.

"Baba, mwalimu alikuja kwako?"

"Alikuja."

"Lini?"

Alijifuta mikono polepole. "Ulikuwa bado unachonga miguu."

Nilihesabu nyuma. Kabla ya mgongo, kabla ya kabari ya mvule, kabla ya kamba. Zile jioni zote.

"Ulijua, na ukaendelea kunisaidia?"

"Nilitaka kitoke kizuri," baba alisema.

Kisha aliongea zaidi ya nilivyowahi kumsikia akiongea. Alisema katika reli nzima hajaona mwanamke akipiga randa, na hataki nijifunze kazi ambayo hakuna atakayeniajiri kuifanya. Alisema wenzake karakana ya stesheni walikuwa wameanza kumtania. Alisema mtihani uko karibu. Huenda yote yalikuwa kweli. Nilichotaka ni jambo moja tu, aniambie kwa nini hakunieleza mimi, na hilo hakulisema. Mama alikuwa jikoni. Alinipakulia chakula kingi kuliko siku zote bila kunitazama usoni, nikaelewa kwamba naye alijua.

Likizo tulipanda Chawia, baba naye akaja baadaye na ndugu zake. Nyanya alikuwa amesikia kwamba kiti kimeshinda Mombasa. Mbele ya baba zangu wadogo, na chai mkononi, alimwuliza mwanawe ni nani aliyekitengeneza.

"Mtoto mmoja wa shule," baba alisema.

"Mtoto yupi?"

Baba alikunywa chai. Nilikuwa nimekaa karibu naye, goti langu lingeweza kugusa lake. Nyanya akainuka, akaenda kuwatazama mbuzi wake, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Kiti kilirudi na utepe wa buluu, kikawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu wa ufundi aliniita karakana mara kadhaa baada ya hapo, akasema meza yangu bado ipo. Sikuenda. Nilishona aproni na foronya upande wa pili wa uwanja, nikafaulu mtihani, nikaenda sekondari ya wasichana, na hatimaye nikawa muuguzi. Benchi la nyuma ya nyumba sikulikaribia tena, wala baba hakuniita. Ndugu zangu walipokua alijaribu kuwafundisha. Hawakupenda.

Baba alistaafu, akajenga nyumba ya mawe kule mlimani. Nilimtembelea siku mlango wa mbele ulipokuwa ukitiwa. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo alikuwa ameajiri fundi kijana kutoka Mwatate. Baba na mimi tulikaa uani tukimtazama. Bawaba ya juu hakuizamisha vya kutosha kwenye fremu, na mlango ukakwaruza sakafu kila ulipofungwa. Niliona kosa tangu alipopiga skrubu ya kwanza, na najua baba aliliona, kwa sababu alisogea mbele kitini kisha akarudi nyuma. Aligeuka kunitazama. Niliendelea kuwamenyea watoto wangu machungwa.

Fundi alilipwa, akaondoka. Mlango ule unakwaruza hadi leo.