Mkanda wa Tano

Safari ile nzima ilinigharimu bampa moja la nyuma la Pijo 404, kamba mbili za manila, mikanda miwili niliyoinunua kwa bei ya kuruka, na goti la mzee wa watu. Vile vitatu vya kwanza nilishavisahau. Goti, mwanangu, bado nalihesabu mpaka leo, na kila nikilihesabu mara ya pili halipungui.

Nakuandikia kwa sababu umenitumia picha. Umenunua trela, unataka kubeba magari ya zamani kuyapeleka kwenye maharusi ya watu, na Jumamosi hii unaanza kazi. Kwenye picha umekunja mikono, unacheka, gari limekaa juu nyuma yako. Mie meno yako sikuyaangalia. Nilivuta picha nikatafuta mikanda ya kufungia gari. Nikahesabu miwili. Nikahesabu tena. Miwili. Toka hapo chai hainipiti vizuri, ndiyo maana nimeona nikwambie jambo ambalo hata baba yako sijawahi kumwambia.

Siku yenyewe naikumbuka, ilikuwa Ijumaa, mchana, watu wametoka msikitini. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na pikapu moja ya kukokotea trela, na nilijiona mjanja kuliko Tandika nzima. Mzee Kombo, fundi cherehani mstaafu wa mtaani kwetu, alikuwa anamwozesha binti yake siku ya pili yake, Mbweni, nyumbani kwa kaka mkubwa wa bibi harusi. Mzee alikuwa na Pijo yake nyeupe, aliyomchukulia mke wake akiwa bado msichana. Mke alishafariki. Alichotaka mzee ni kitu kimoja tu: binti atoke na gari lile lile alilotokea mama yake. Injini ilikuwa mbovu kwa safari ndefu, ikiwaka inazunguka mtaa mmoja tu. Kwa hiyo ikabidi libebwe. Tukapatana bei. Nilipandisha mie, akashusha yeye, nikapandisha tena kidogo, akacheka akasema haya.

Nikaenda dukani kununua mikanda ya kufungia mizigo, ile ya kukazia kwa mkono wa chuma. Muuzaji akanitajia bei ya minne. Nikamwambia apunguze. Akakataa. Nikajifanya naondoka, hakuniita. Mtu asipokuita, mwanangu, ujue bei yake ni ya kweli. Lakini mie nilikuwa nimeshakasirika, nikarudi nikachukua miwili.

"Braza," akaniambia, "gari ina pembe nne."

"Na mie nina kamba mbili nyumbani," nikamjibu. "Mbili na mbili ngapi?"

Akanitazama, akanifungia mikanda yangu kwenye mfuko.

Tulipolipandisha gari, mzee akanikumbusha kuwa hendibreki haishiki tangu zamani. Dawa yake ilikuwa kabari za mbao, mbele na nyuma ya kila tairi. Seremala wa pale jirani alikuwa tayari kunikatia, tena kwa pesa ya soda. Nikaona pesa ya soda ni ya kunywea soda. Nikasema, "Mzee, kwani wewe si unakuja Mbweni? Kaa ndani ya gari lako, ukanyage breki. Sie tunafika sasa hivi."

Mzee Kombo akafurahi! Nakiri alifurahi. Akavaa kofia yake vizuri, akapanda juu ya trela, akaketi nyuma ya usukani kama bwana harusi. Mbele nikafunga mikanda miwili. Nyuma nikafunga kamba mbili, nikazizungusha kwenye bampa, kwa sababu bampa liko karibu, na kulala chini ya gari kutafuta chuma cha chesi kungenichafulia shati. Nikazunguka nikihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nikazunguka tena. Nne. Tukapatana ishara: kukiwa na tatizo, apige honi mara tatu.

Mpaka Ubungo hakuna neno. Kukaribia Mwenge bajaji ikanikatia mbele, nikakanyaga breki kwa nguvu. Nikasikia kitu nyuma, ko!, kama sufuria imeanguka. Nikatazama kioo, nikaona gari lipo, kofia ya mzee ipo. Nikaendelea.

Tulipoiacha Mwenge ndipo honi ikaanza. Pii, pii, pii. Sasa fikiria, mwanangu: Ijumaa, gari jeupe la zamani juu ya trela, mzee wa kofia ndani yake anapiga honi. Kila tuliyempita akajua ni harusi. Kina mama wa genge wakapiga vigelegele. Mpiga debe mmoja akacheza. Na mie, Mungu anisamehe, nikacheka peke yangu ndani ya pikapu, nikasema mzee keshaanza sherehe kabla ya bibi harusi mwenyewe. Pii, pii, pii. Nilizihesabu zile honi. Tatu. Nikahesabu tena, tatu. Ishara tuliyopatana wenyewe, na bado nikacheka.

Mpaka bodaboda mmoja aliponisogelea dirishani, anagonga mlango kwa kiganja huku tunakwenda.

"We braza! Mzigo wako unatembea!"

"Nini?"

"Mzigo unatembea! Nyuma hakuna bampa! Na mkanda wa mbele mmoja unaning'inia!"

Nikatazama kioo, safari hii kwa macho ya mtu anayetaka kuona. Taa za Pijo zilikuwa karibu na mie kuliko nilivyoziacha Tandika. Bampa bovu la kutu lilishang'oka na kamba zake pale nilipokanyaga breki. Gari likasogea mbele, mikanda ikalegea, kulabu ya mmoja ikachomoka. Gari zima, na mtu ndani, limebaki na mkanda mmoja uliolegea na mguu wa mzee wa miaka sabini.

Na hapo barabara inashuka, kisha inapanda.

Nilielewa mambo mawili kwa pamoja. Nikikanyaga breki, gari linakuja mbele, linapanda juu ya pikapu. Nikiongeza mwendo, linarudi nyuma, na nyuma hakuna kitu, kuna lami na malori. Sikuweza kusimama na sikuweza kukimbia. Nikaachia mafuta, nikawasha taa zote za pembeni, gia nikaishusha moja moja kama mtu anayeshusha mtungi wa gesi ngazini. Kwenye kioo nilimwona mzee ameegemea kiti, mikono miwili imeshika usukani, mdomo unacheza. Honi alishaacha. Baadaye aliniambia breki ilikuwa inazama: kila akikanyaga, inashuka chini zaidi, na kuachia hawezi.

Yule bodaboda hakutuacha. Alikaa nyuma ya trela, upande upande, anawapungia wenye malori watupishe. Tulishuka. Tulianza kupanda, na nilisikia ule mkanda mmoja ukikaza, nyii, sauti ambayo mpaka leo nikisikia mlango wenye bawaba kavu nainuka kitini. Pale juu barabara ikalala sawa. Nikatoka pembeni taratibu, trela likasimama lenyewe bila breki. Bodaboda alishatupa pikipiki chini, ana mawe mawili mkononi, anayabana kwenye tairi za Pijo.

Mzee Kombo alishindwa kuunyanyua mguu. Tulimtoa wawili, goti limevimba, mguu unatetemeka. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, samahani, mzee." Shikamoo ya pili kwa siku, nilichanganyikiwa. Hakuijibu. Akakaa kwenye ukingo wa trela, akafuta uso kwa kofia.

"Umefunga ngapi?" akauliza.

"Nne, mzee. Wallahi nilihesabu mara mbili."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na mie nilikuwa namba ngapi?"

Nikageuka kuitazama mikanda.

"Hesabu, mwanangu. Wewe si unajua hesabu? Mkanda wa kwanza, wa pili, kamba, kamba. Halafu mie. Umenifanya mkanda wa tano. Na kesho mie ndiye walii, wa kumwozesha binti. Ningefia hapa, binti yangu angesimama pale, shehe anauliza baba yuko wapi."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Angenitukana ningepona.

Bodaboda akarudi Mwenge kuniletea mikanda miwili mingine. Alikuja na bei ambayo siku nyingine ningeipigia kelele mpaka polisi waje. Nililipa. Safari hii nililala chini na shati langu, nikashika chuma cha chesi, nikaomba vipande vya mbao kwa mafundi wa pale, nikabana kila tairi. Mzee akaketi mbele na mie. Tulipofika Tegeta akagonga dashibodi: "Simama." Akashuka akichechemea, akashika kila mkanda kwa mkono wake, akauvuta. Mmoja ulikuwa umelegea. Tulikaza. Boko, tena: "Simama." Nikashuka mie kabla yake.

Kesho yake aliozesha akiwa amekaa kwenye kiti, wengine wote wapo kwenye mkeka. Binti alitoka na Pijo isiyo na bampa la nyuma, na waalikwa wakadhani ndiyo mtindo. Pesa yangu mzee alinilipa yote, hakukata hata shilingi. Nilitamani angekata. Alifariki miaka mingi baadaye, kwa uzee, kitandani kwake. Lile goti halikunyooka tena.

Basi nisikilize, mwanangu. Usihesabu vifungo, hesabu vinavyoshika. Pembe nne, mikanda minne, yote mizima, yote kwenye chuma cha chini, si bampa, si kitu cha urembo. Kabari kwenye tairi hata kama mwenye gari anakuapia hendibreki ni mpya. Ukishaenda kidogo simama, kwa sababu gari likitikiswa linakaa chini na mkanda uliokaza nyumbani unalegea njiani. Na ndani ya gari lililobebwa asikae mtu. Akikuomba, mkatalie. Akilia, mkatalie. Mwenye gari awe baba yako mzazi, mkatalie kwa adabu, umpe kiti cha mbele.

Mungu akufungulie riziki kwenye trela hilo, akuepushe na hesabu kama yangu, na kila utakayembebea gari akupokee mlangoni kwa uso wa furaha. Kwa nasaha hii sikudai kitu, ila simu moja. Jumamosi, ukifika kituo cha kwanza, shuka, vuta kila mkanda kwa mkono wako, kisha unipigie uniambie ni mingapi. Nitakuuliza mara mbili.