Kwenda Sengerema kwa Kipa Aliyekwenda Vitani

Nilimsindikiza baba yangu Mwanza kwa sababu hakutaka kwenda na hakuweza kusema hapana. Simu ilitoka kwa Limi, binti wa Mzee Masalu wa Sengerema. Alisema miguu ya baba yake imekataa, hatoki tena nje bila kuinuliwa, na kila siku anamtaja Shija. Shija ndiye baba yangu. Enzi za Vita vya Kagera wawili hao walikuwa makipa wa timu moja, Masalu kipa wa kwanza na baba kipa wa akiba. Masalu alikwenda vitani. Baba alibaki akacheza. Vita vilipokuwa bado vinaendelea, baba alihama, akapata kazi ya ghala Dodoma, na tangu hapo hakukanyaga tena Mwanza. Hata misiba ya huko alituma rambirambi tu. Mimi nafundisha jiografia. Ziwa Victoria nimelichora ubaoni miaka mingi bila kulitia machoni.

Alfajiri, Dodoma. Kwenye basi nilikaa kulia kwa baba, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii tangu utotoni. Hadi Singida alitazama dirishani tu.

Baada ya Singida, basi lilipoingia kwenye nchi tambarare, alianza kusimulia mwenyewe. Timu yao ilikuwa ya kinu cha kuchambua pamba, karibu na Misungwi. Watu waliiita Kinu.

"Tuliandikwa kazi ya marobota," alisema, "lakini kazi tuliyoajiriwa hasa ilikuwa mpira. Ukicheza vizuri, robota hulioni."

Mahasimu wao walikuwa timu ya wafanyakazi wa kivuko cha Kigongo, waliojulikana kama Vivuko. Mashabiki wa pande hizo mbili hawakunywa hata togwa pamoja. Kisha vita vikaja, vijana wakajiandikisha, na kila timu ikabaki na wachezaji wasiotosha. Viongozi waliamua kuziunganisha. Mashabiki, kwa hasira nusu na utani nusu, wakaipa timu hiyo mpya jina la Kinuvuko.

"Kiingilio hakikuwa fedha," baba alisema. "Ulikuja na kopo la unga, au maharage, au dagaa. Vyote vilikwenda kwa askari."

"Na wewe hukujiandikisha?"

"Nilipanda lori moja na Masalu. Daktari akanipima sikio, akanirudisha. Masalu alibaki kwenye foleni. Akaniambia, nitunzie goli."

Alasiri, Misungwi. Baba alinionyesha kwa kidole mahali palipokuwa na uwanja. Sasa pana maduka ya mbolea na mashine ya kukoboa, na wakulima walikuwa wakishusha magunia ya mpunga. Basi lilisimama kidogo, akawatazama. Ndipo akanieleza kilichomwondoa.

Siku moja alidaka penalti. Uwanja mzima ulisimama ukiimba jina lake. Kelele zilipopungua, mwanamke mmoja nyuma ya goli akapaza sauti: "Wanaume wako Kagera! Wewe unadaka nini hapa?" Watu wakanyamaza. Hakuna aliyemtetea. Alimaliza mechi, akakunja jezi, na wiki hiyohiyo akaondoka.

"Ungewaambia kuhusu sikio," nilisema.

"Sikio si mguu, mwanangu. Halionekani likichechemea."

Buhongwa tulifikia kwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye nyumba yake siku hizi imezungukwa na ujenzi kila upande. Asubuhi baba alikunywa uji, akaweka kikombe chini, akatangaza kwamba haendi. "Nenda wewe, Kabula. Umsalimie. Mwambie mgongo unanisumbua."

Shangazi alikuwa anafagia ua. Hakuinua hata kichwa. "Shija, mtu anakuita akiwa hai. Unangoja akuite akiwa kwenye sanduku?"

Baada ya muda nilimwona anatafuta viatu vyake.

Kutoka Usagara barabara inakata kuelekea magharibi, na baada ya mawe na mashamba ya muhogo, ziwa linatokea ghafla. Sitasema lilinishtua. Lilikuwa kijivu, pana, na daraja jipya la Kigongo na Busisi lilipita juu yake moja kwa moja kama mstari wa rula. Hapa zamani magari yalipanga foleni kusubiri kivuko, na kinamama waliuza sato wa kukaanga dirisha kwa dirisha. Sasa tulivuka kabla sijamaliza kufungua chupa ya maji.

Baba alimwomba dereva aende polepole. "Vivuko walikuwa wakitutisha hapa," alisema. "Tukija kucheza ng'ambo, wanatuambia, mkitufunga hamvuki kurudi." Alitabasamu kidogo. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu Dodoma.

Sengerema tulifika kabla ya adhuhuri. Limi alitupokea barabarani, akatupeleka kwenye nyumba ya bati jekundu nyuma ya soko. Mzee Masalu alikuwa ameketi sebuleni, mtu mkubwa wa mifupa, blanketi magotini. Mkewe, Mama Limi, alikuwa mwembamba na mnyoofu. Nilipiga goti nikawaamkia wote wawili, wakaitikia marahaba. Baba alisimama mlangoni.

"Ingia bwana," Masalu alisema. "Au unangoja refa?"

Walishikana mikono muda mrefu. Mazungumzo yalianza kwa waliokufa, kama kawaida, kisha wagonjwa, kisha mvua. Mama Limi alileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Ndipo Masalu akasimulia habari ya magunia.

"Tulikuwa tumepumzika ng'ambo ya Mutukula. Lori likaleta magunia ya dagaa, yameandikwa kwa rangi ya bluu: Kinuvuko. Nikamuuliza dereva, hiki ni kijiji gani? Akasema si kijiji, ni timu, Kinu na Vivuko wameungana. Shija! Nilikasirika kuliko siku tuliyoshambuliwa. Mimi niko vitani, huku nyuma mmeniozesha kwa Vivuko!"

Baba alicheka hadi akafuta macho. Mama Limi hakucheka. Alikuwa bado amesimama na sinia.

"Shemeji," alimwambia baba, "yule aliyepiga kelele nyuma ya goli ni mimi."

"Nilijua," baba alisema.

"Ulijua?"

"Nimekula ugali wako mwaka mzima, sauti yako nisiijue?"

"Mbona hukunijibu?"

"Ningekujibu nini? Mumeo alikuwa mbele. Mimi nilikuwa nyumbani."

Mama Limi aliweka sinia mezani, akaketi. Alizungumza polepole, akitazama mikono yake. "Sikuwa na habari yake. Sikujua kama mzima au la. Halafu wewe ukadaka, watu wote wakasimama kuimba jina lako. Nikaona basi, wameshapata kipa. Hakuna tena anayengoja arudi isipokuwa mimi."

Masalu alikuwa hajui. Alimtazama mkewe, akamtazama baba, kisha akalitoa blanketi magotini kana kwamba joto limemzidi.

"Kumbe ndiyo sababu," alisema. "Mimi nilirudi na bega hili. Mkono haupandi. Njia nzima nikajipa moyo, hata nisipodaka tena, Shija yuko. Nikaenda uwanjani. Nikakuta golini wamemsimamisha winga! Tulifungwa hadi watu wakaacha kuja. Nilikulaumu, Shija. Si kwa kubaki. Kwa kuondoka."

Baba alimgeuzia sikio zuri. "Rudia," alisema.

Masalu akarudia, neno kwa neno.

Hakuna aliyelia. Baba aliomba maji, akanywa. Mama Limi akasema chakula kiko tayari, tukala ugali na sangara.

Asubuhi ya kurudi, nilipanga mizigo peke yangu. Baba aliniambia anabaki kwa muda. Limi alikuwa amezoea kumwinua baba yake kwa shida, akimvuta mikono. Baba alimwonyesha namna ya kuingiza mikono chini ya makwapa na kuinuka kwa magoti. "Mzito huyu," alisema, "lakini mpira wa kona ni mgumu zaidi." Aliniaga mlangoni na kurudi ndani haraka, kwa sababu Masalu alikuwa anaita.

Nilivuka daraja bila yeye, nikapita Misungwi nikiwa nimesinzia, nikaamka karibu na Shinyanga. Huko ndiko nilikofikiria safari nzima. Nilichojifunza ni kidogo. Watu wawili wanaweza kukaa mbali maisha yao yote, mmoja akijitetea kwa shitaka ambalo mwenzake hakulitoa. Vita huwapa kazi hata wasiokwenda, na hakuna anayekuja kuwaambia kwamba imekwisha.

Dodoma nilifika jioni. Mama alikuwa amesimama getini, akachungulia nyuma yangu.

"Baba yako umemwacha wapi?"

"Kazini," nikamjibu.