Baba Aliyegonga Sakafu

Juzi, katika shule moja ya chekechea huku Manika, sisi wazazi na walezi tulikuwa tukimzonga mwalimu kwa maswali: Kifaransa mnaanza lini? Unifomu ni rangi gani? Baba mmoja kijana, mchimbaji wa madini kutoka mtaa wa Kasulo, hakuuliza kitu. Binti yake akiwa mgongoni, alitembea akigonga sakafu kwa kisigino huku ametega sikio. Wenzangu wakacheka.

“Tata, unatafuta nini?” mwalimu akamuuliza yule baba.

“Kwetu batu banachimbaka mpaka chini ya nyumba, mama. Mi nasikiliza kama hapa hakuna shimo. Batoto banalalaka wapi muchana?”

Mwalimu hakucheka. Alikunja mikeka ya kulalia, akapiga magoti, naye akaanza kugonga sakafu kwa ngumi, polepole, ukuta hadi ukuta. Walipomaliza, mwalimu alijifuta vumbi.

“Kunabakia choo, tata. Tuende tupime na kule.”

Hapo ndipo yule baba alipomshusha binti yake chini.

Nami nilikuwa bado na swali langu la Kifaransa. Nililimeza, nikamwandikisha mjukuu wangu.